Hewa tiba na wanaoisimamia: namna timu ya huduma ya upumuaji inavyoongozwa hospitalini

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini, Halmashauri ya Wilaya ya Ushetu

Mgonjwa anayeshindwa kupumua hana muda wa kusubiri. Awe mtoto mchanga asiyelia baada ya kuzaliwa, mtoto wa miaka miwili mwenye homa ya mapafu, mama aliyetoka chumba cha upasuaji au mchimbaji ambaye mapafu yake yamejaa vumbi la miamba, ubongo wake huanza kudhurika ndani ya dakika chache endapo damu itakosa oksijeni. Kwa sababu hiyo, ubora wa huduma ya upumuaji hospitalini haupimwi kwa idadi ya mashine zilizopokelewa pekee. Hupimwa pia kwa jambo ambalo mwananchi halioni kwa urahisi: nani anasimamia mashine hizo, nani anampima mgonjwa, kila baada ya muda gani, na nini hufanyika saa nane za usiku tarakimu zinapoanza kushuka.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa wakazi wa Ushetu. Wengi wao ni wakulima wa tumbaku, pamba, mpunga na mahindi, na mabani ya kukaushia tumbaku pamoja na majiko ya kuni huwaweka karibu na moshi kwa muda mrefu. Wapo pia vijana wanaokwenda kutafuta riziki katika machimbo ya dhahabu ya Kahama, Msalala na Geita, kisha hurejea nyumbani na kikohozi kisichopona. Aidha, mgonjwa anayetoka Ulowa, Ubagwe, Idahina au Chona husafiri mwendo mrefu kabla ya kufika mahali penye oksijeni, na wakati wa masika safari hiyo huwa ndefu zaidi. Anapofika, anapaswa kukuta timu iliyo tayari.

Makala haya yanaeleza jinsi timu hiyo inavyoundwa, inavyosimamiwa, na kile ambacho mwananchi ana haki ya kukitarajia.

Timu isiyo na kada yake

Katika baadhi ya nchi ipo taaluma inayojitegemea ya tiba ya upumuaji. Nchini Marekani, kwa mfano, wataalamu wa fani hiyo wana chama chao tangu 1947, na hospitali kubwa huwa na idara yao yenye mkuu wake. Katika hospitali za halmashauri nchini Tanzania hali ni tofauti. Kazi hiyo hugawanywa miongoni mwa watumishi wa kada nyingine: muuguzi ndiye anayempima mgonjwa na kumwekea mirija ya puani, daktari au tabibu ndiye anayeandika kiasi cha oksijeni, mtaalamu wa usingizi ndiye mwenye ujuzi wa kufungua njia ya hewa ya mgonjwa mahututi, mtaalamu wa viungo humfundisha mgonjwa kukohoa na kutoa makohozi, fundi wa vifaa tiba huzihudumia mashine, na mfamasia hufuatilia mitungi na vifaa vinavyotumika mara moja.

Mgawanyo huu una faida, kwa kuwa ujuzi wa wengi hukutana kwa mgonjwa mmoja. Hata hivyo, una hatari yake. Kazi iliyo ya watu sita yaweza kuachwa na wote sita, kila mmoja akidhani mwenzake ameitazama. Muuguzi hudhani fundi amekagua mtungi. Fundi hudhani mfamasia ameagiza. Daktari hudhani kipimo cha usiku kilichukuliwa. Hapo ndipo umuhimu wa msimamizi unapojitokeza. Kwa kawaida Mganga Mfawidhi wa hospitali humteua mtumishi mmoja, mara nyingi muuguzi mwenye uzoefu wa wodi ya watoto, wa chumba cha watoto wachanga au wa chumba cha wagonjwa mahututi, ili awe mwenye dhamana ya huduma hiyo kwa hospitali nzima. Mtumishi huyo hahitaji cheo kipya. Anahitaji mamlaka ya kuuliza, na wenzake kutambua kuwa wana wajibu wa kumjibu.

Oksijeni ni dawa, na dawa ina kipimo

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi. Mapafu yanapovimba au kujaa maji, kiasi hicho hakitoshi, na mgonjwa huhitaji hewa yenye oksijeni nyingi zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaelekeza kuwa mtoto ambaye kiwango chake cha oksijeni kwenye damu kimeshuka chini ya asilimia 90 apewe oksijeni. Mtoto mchanga huanzishiwa nusu lita hadi lita 1 kwa dakika kupitia mirija ya puani, na mtoto mkubwa kidogo lita 1 hadi 2. Mtu mzima huhitaji zaidi.

Kiwango hicho hupimwa kwa kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni, ambacho kanuni yake ilibuniwa nchini Japani na mhandisi Takuo Aoyagi mwaka 1974. Kabla ya hapo mtaalamu alitegemea macho yake: midomo kuwa ya bluu, pua kutanuka, kifua kubonyea. Dalili hizo zina thamani hata leo, lakini wagonjwa wengi hupungukiwa na oksijeni kabla midomo haijabadilika rangi, hasa wale wenye upungufu wa damu.

Kipimo hicho nacho kina udhaifu ambao msimamizi hana budi kuwafundisha wenzake. Kidole chenye baridi, rangi ya kucha au hina nyeusi huweza kupotosha usomaji. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2020 ulionesha pia kuwa vifaa hivyo huweza kusoma kiwango cha juu kuliko hali halisi kwa watu wenye ngozi nyeusi. Kwa mantiki hiyo, mgonjwa anayehema kwa shida hapaswi kuachwa eti kwa kuwa kifaa kimeonesha asilimia 92.

Oksijeni ikizidi nayo hudhuru. Katika miaka ya 1940 na ya mwanzo ya 1950, maelfu ya watoto njiti katika nchi tajiri walipofuka baada ya kuwekwa kwa muda mrefu katika oksijeni nyingi isiyopimwa. Ndiyo maana leo mtoto njiti aliye kwenye oksijeni huwekewa ukomo wa chini na wa juu, kwa kawaida kati ya asilimia 90 na 95. Vilevile, mtu mzima mwenye ugonjwa sugu wa mapafu huhitaji uangalifu, na wengi wao hulengwa asilimia 88 hadi 92. Msimamizi anapokuta mtoto njiti anasoma asilimia 100 usiku kucha huku akiwa kwenye oksijeni, hiyo ni kasoro sawa na ile ya mtoto anayesoma 85.

Zamu inavyosimamiwa

Kazi kubwa ya msimamizi hufanyika wakati wa kukabidhiana zamu. Hapo ndipo taarifa za mgonjwa hupotea kwa urahisi, kwa kuwa anayeondoka amechoka na anayeingia bado hajamwona mgonjwa. Utaratibu mzuri ni kukabidhiana kando ya kitanda na si mezani, na kwa kila mgonjwa aliye kwenye oksijeni kutaja mambo matatu: kiwango kilichosomwa mara ya mwisho na saa yake, lita anazopewa kwa dakika, na mwelekeo wa hali yake, yaani anapanda, amesimama au anashuka. Baada ya hapo hutazamwa yale yanayohusu wodi nzima: mitungi iliyobaki na shinikizo lake, mashine ya akiba ilipo, na mafuta ya jenereta.

Jambo la pili ni mpangilio wa vitanda. Hospitali nyingi za wilaya hukabiliwa na upungufu wa watumishi, na zamu ya usiku yaweza kuwa na muuguzi mmoja kwa wagonjwa wengi. Msimamizi hawezi kuongeza watumishi kwa uamuzi wake, lakini anaweza kuamua kwamba wagonjwa wote walio kwenye oksijeni walazwe karibu na meza ya muuguzi, mahali wanapoonekana na kusikika. Hatua hiyo haina gharama yoyote, nayo hupunguza umbali kati ya king'ora cha mashine na sikio la anayepaswa kukisikia.

Jambo la tatu ni kusoma fomu za ufuatiliaji kwa jicho la udadisi. Fomu inayoonesha asilimia 98 kwa kila mgonjwa, kila saa, usiku mzima, haimtulizi msimamizi mwenye uzoefu. Mwili wa binadamu haufuati mstari ulionyooka namna hiyo. Msimamizi huchagua mgonjwa mmoja au wawili, huwapima yeye mwenyewe, kisha hulinganisha na kilichoandikwa. Tofauti ikionekana, swali la kwanza huwa kuhusu mazingira ya kazi: je, wodi ina kipimo kimoja kinachogombewa na vyumba vitatu? Je, betri zimekwisha? Je, muuguzi alikuwa chumba cha kujifungulia wakati huo? Mara nyingi tarakimu za kubuni huficha upungufu wa kifaa au wa mtu, na upungufu huo ndio unaopaswa kufikishwa kwenye uongozi.

Jambo la nne ni kumwachisha mgonjwa oksijeni kwa wakati. Mtoto ambaye hali yake imetulia hujaribiwa walau mara moja kwa siku kwa kuondolewa oksijeni kwa dakika 10 hadi 15 huku akipimwa. Akibaki na kiwango kinachoridhisha, haihitaji tena, ingawa huendelea kufuatiliwa. Asipojaribiwa, anaweza kukaa siku mbili zaidi na mashine ambayo mtoto mwingine, aliyelala wodi ya jirani, anaihitaji usiku huohuo.

Mashine, mtungi na hesabu yake

Oksijeni huifikia wodi kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni mtambo mkubwa unaozalisha na kusambaza kwa mabomba au kujaza mitungi. Mitambo ya aina hiyo iliongezeka nchini baada ya Oktoba 2021, Serikali ilipozindua Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19, uliogharimiwa na mkopo wa Shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Njia ya pili ni mitungi. Ya tatu ni mashine ndogo ya kuzalisha oksijeni kando ya kitanda, ijulikanayo na watumishi kama konsentreta.

Konsentreta huvuta hewa ya chumbani na kuipitisha katika madini ya zeolaiti ambayo hunasa naitrojeni na kuachia oksijeni ya takribani asilimia 90 au zaidi. Haihitaji kujazwa, lakini inahitaji umeme usiokatika na chujio safi. Vumbi ndilo adui yake wa kwanza. Chujio la nje lisiposafishwa, mashine hupata joto, hupunguza nguvu, na hatimaye hutoa hewa isiyotofautiana sana na ya kawaida huku taa yake ikiendelea kuwaka. Mgonjwa huonekana yupo kwenye oksijeni ilhali hapati kinachotosha. Kwa hiyo, kusafisha chujio walau mara moja kwa wiki, kupima usafi wa oksijeni kwa kifaa maalumu na kuandika tarehe kwenye kadi iliyobandikwa ubavuni mwa mashine ni majukumu ambayo msimamizi huyafuatilia kwa karibu, akishirikiana na fundi wa vifaa tiba.

Mtungi nao unahitaji hesabu. Mtungi mkubwa wa aina ya J ukiwa umejaa hubeba takribani lita 6,800. Mgonjwa mmoja anayepewa lita 2 kwa dakika ataumaliza kwa zaidi ya saa 56. Akihitaji lita 5, utatosha kwa saa 22 na dakika 40. Akihitaji lita 10, hautafika saa 12. Mshale wa shinikizo ukionesha nusu, muda nao hugawanywa kwa mbili. Msimamizi anayefanya hesabu hii Ijumaa mchana atajua kama wodi itafika Jumatatu. Asiyeifanya ataijua Jumapili usiku, wakati gari la kubeba mitungi halipo.

Usalama haupaswi kusahauliwa. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini huufanya moto uwake kwa kasi kubwa. Sigara, mishumaa, jiko la mkaa na hata mafuta au grisi kwenye mdomo wa mtungi ni hatari. Mtungi usiofungwa kwa mnyororo ukianguka na kuvunjika mdomo, huweza kuruka kwa nguvu na kujeruhi watu.

Kwa watoto wachanga ipo pia mashine ya mapovu ambayo watumishi wengi huiita sipapu. Husukuma hewa puani mwa mtoto kwa shinikizo dogo ili mapafu yake yasifunge, na mwisho wa mrija wake huzamishwa katika chupa ya maji. Kina cha mrija ndani ya maji ndicho kinachoweka shinikizo: sentimita 5 za kina hutoa shinikizo la sentimita 5 za maji. Mapovu yakikoma, hewa inavuja mahali fulani na mtoto hapati msaada uliokusudiwa. Muuguzi aliyefundishwa vyema hutambua hitilafu hiyo kwa kuitupia chupa jicho anapopita.

Dakika chache za mazoezi kila wiki

Swali ambalo halmashauri nyingi hujiuliza ni kama fedha zielekezwe kwenye mafunzo makubwa ya hotelini au kwenye usimamizi wa kila siku. Jibu zuri limepatikana hapahapa Tanzania, kupitia huduma ya watoto wachanga wanaoshindwa kupumua.

Takribani mtoto 1 katika 10 huhitaji msaada wa aina fulani ili aanze kupumua baada ya kuzaliwa. Wengi hujibu wanapokaushwa na kusuguliwa mgongoni. Wachache huhitaji kupulizwa hewa kwa mfuko wa kupumulishia, ambao wauguzi huuita ambu, na kwa aliyetimiza miezi hewa ya kawaida hutosha mwanzoni. Msaada huo unapaswa kuanza ndani ya sekunde 60, muda ambao wakufunzi huuita dakika ya dhahabu. Tathmini iliyofanyika katika hospitali 8 nchini na kuchapishwa mwaka 2013 ilionesha kuwa baada ya wakunga kufundishwa mbinu hiyo, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47.

Hata hivyo, watafiti katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, waligundua jambo la kufikirisha. Baada ya mafunzo ya siku moja, wakunga walifanya vizuri zaidi kwa mwanasesere wa mazoezi, lakini huduma kwa watoto halisi chumbani haikubadilika. Hospitali hiyo ikabadili utaratibu. Mwanasesere aliwekwa palepale chumba cha kujifungulia, watumishi wakawa wanafanya mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, na wenzao wachache wakapewa dhamana ya kuwahimiza na kuwasimamia. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Watumishi walikuwa na ujuzi uleule wa awali. Kilichoongezwa ni mazoezi ya mara kwa mara na mtu wa kuyafuatilia.

Utaratibu huo ulipanuliwa na kufika katika ukanda huu. Kati ya Machi 2021 na Desemba 2023 ulitekelezwa katika vituo 30 vya mikoa 5: Geita, Manyara, Mwanza, Shinyanga na Tabora, ukihusisha zaidi ya wajawazito 280,000. Pamoja na vifaa, kila kituo kilikuwa na watumishi wake wenyewe waliopewa jukumu la kuongoza mazoezi mafupi na kutumia takwimu za kituo husika kuamua nini kifanyiwe mazoezi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionesha kuwa vifo vya watoto wakati wa uchungu na mara baada ya kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila watoto 1,000, ingawa mafanikio yalitofautiana kati ya mkoa na mkoa.

Somo linalofanana na hilo lilitoka Papua New Guinea mwaka 2008. Hospitali 5 zilipewa mashine za oksijeni na vipimo vya kidoleni, zikafundisha watumishi na kuweka utaratibu wa matengenezo. Vifo vya watoto waliolazwa kwa homa ya mapafu vilishuka kutoka asilimia 4.97 hadi 3.22. Kwa hesabu nyepesi, hospitali iliyokuwa ikipoteza watoto 5 katika kila 100 ilibaki kupoteza 3 hivi.

Mgonjwa anapofariki

Hakuna hospitali inayookoa kila mgonjwa. Namna timu inavyoongozwa baada ya kifo ndiyo huamua kama kifo hicho kitawafundisha wengine. Utaratibu wa kitaifa unaelekeza vifo vya wajawazito na watoto wachanga vifanyiwe mapitio katika vikao maalumu, na hospitali makini hufanya hivyo pia kwa vifo vingine vinavyohusu upumuaji.

Kikao cha namna hiyo hufuata mwenendo wa mgonjwa tangu mlangoni: alipimwa baada ya dakika ngapi, oksijeni ilianza saa ngapi, ilibadilishwa lini, rufaa iliamuliwa lini. Msimamizi asiye na busara hukigeuza kuwa mahakama. Matokeo yake watumishi hujifunza kuficha, na fomu za mwezi unaofuata hujaa tarakimu nzuri zisizo za kweli. Msimamizi mwenye busara hutenganisha uzembe, ambao una taratibu zake za kinidhamu, na kasoro za mfumo, ambazo hurekebishwa kwa kubadili mpangilio wa kazi. Kila kikao humalizika kwa hatua moja au mbili zenye jina la mhusika na tarehe. Timu ya Uendeshaji wa Huduma za Afya ya Halmashauri, inapofanya usimamizi shirikishi, huanza kwa kuuliza hatua hizo zimefikia wapi.

Hofu ya familia

Ipo imani iliyoenea kwamba mgonjwa akiwekewa oksijeni, mwisho wake umekaribia. Chanzo chake kinaeleweka. Kwa miaka mingi oksijeni ilikuwa haba na ilitolewa kwa walio mahututi mno, hivyo jamii iliona wengi wa waliowekewa wakifariki. Kilichowaua ni ugonjwa uliochelewa kutibiwa. Imani hiyo bado husababisha madhara: wapo ndugu wanaokataa mirija, na wapo mama wanaoichomoa ili kumnyonyesha mtoto kisha hawairudishi.

Kumkemea mama hakusaidii. Timu iliyosimamiwa vizuri humweleza tangu mwanzo, kwa Kisukuma ikibidi, kwamba mtoto anapewa hewa ya kumpumzisha kifua wakati dawa zikifanya kazi. Kwamba mtoto aliyetulia anaweza kunyonya mirija ikiwa puani. Na kwamba itaondolewa mara atakapomudu. Mama aliyeoneshwa tarakimu kwenye kipimo na kuelezwa ipi ni nzuri huwa msaidizi wa muuguzi, kwa kuwa ndiye anayekaa na mtoto usiku kucha.

Mapafu ya mchimbaji

Kundi jingine linalohitaji maelezo ya wazi ni wachimbaji. Vumbi la miamba lenye silika huingia ndani ya mapafu na kuacha makovu yasiyofutika. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba ya kuuondoa, na humweka mgonjwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Oksijeni humpa nafuu anapozidiwa, lakini hairudishi mapafu yalivyokuwa. Kwa hiyo mchimbaji, au aliyewahi kuwa mchimbaji, mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, anayepungua uzito au kutokwa jasho usiku, anapaswa kupima kifua kikuu katika kituo cha karibu bila kusubiri apungukiwe na pumzi. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo. Ni vyema pia amweleze mtoa huduma historia ya kazi yake hata asipoulizwa. Kumwagia maji mwamba kabla ya kuuchimba na kuepuka kusaga mawe makavu ndiyo kinga yenye manufaa zaidi.

Mwananchi atarajie nini

Mwananchi anayempeleka mgonjwa mwenye shida ya kupumua ana haki ya kuona mambo yafuatayo yakitendeka:

- Mgonjwa anapimwa kiwango cha oksijeni mara anapofika, kabla ya taratibu za kumwandikisha kukamilika.
- Ndugu wanaelezwa kwa lugha wanayoielewa kwa nini oksijeni imewekwa au haikuwekwa.
- Mgonjwa aliye kwenye oksijeni anapimwa mara kwa mara, mchana na usiku, na vipimo vinaandikwa.
- Rufaa ya kwenda Hospitali ya Manispaa ya Kahama, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Shinyanga au hospitali za kanda za Bugando na Chato inapohitajika, mgonjwa anasafiri akiwa na oksijeni ya kutosha pamoja na mtumishi wa afya.

Naye mwananchi ana wajibu wake. Mtoto anayehema haraka, anayebonyea kifua, anayeshindwa kunyonya au anayelegea apelekwe kituoni mara moja. Kwa sera iliyopo, watoto wenye umri chini ya miaka 5 na wajawazito hupata msamaha wa gharama katika vituo vya umma, hivyo ukosefu wa fedha usiwe sababu ya kuchelewa. Kwa dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, mfumo wa usafiri wa m-mama, ambao mkoa wa Shinyanga ni miongoni mwa maeneo ulikoanzia kabla ya kuenezwa nchini, hupatikana kwa kupiga namba 115 bila malipo. Maoni na malalamiko kuhusu huduma huweza kufikishwa kwa Mganga Mfawidhi wa kituo husika, kwa kamati ya usimamizi wa kituo yenye wawakilishi wa wananchi, au kwa Wizara ya Afya kupitia namba 199, ambayo pia ni ya bure.

Kamati hizo za vituo zina nafasi ya pekee katika suala hili, kwa kuwa hushiriki kupanga matumizi ya fedha za kituo. Mashine mpya hupokelewa kwa makofi, lakini chujio, betri za kipimo, mirija ya watoto na mafuta ya jenereta huhitaji kupangiwa bajeti kila robo mwaka. Mjumbe wa kamati anayeuliza katika kikao mashine ngapi zinafanya kazi leo, nani anazisimamia na mara ya mwisho zilikaguliwa lini, atakuwa amewasaidia wagonjwa wa kata yake kama alivyowasaidia aliyeomba mashine hizo ziletwe.